Majina ya intaneti yasiyouzwa: kile mkaaji wa Goma anafaa kujua

Ujumbe unaingia mu kikundi cha WhatsApp cha kartie: "Msaada wa makuta, jiandikishe hapa." Chini yake kuna kiungo chenye jina la shirika linalojulikana na kila mtu. Wengine wanabonyeza palepale. Wengine wanauliza: ni ya kweli ao ni ya wezi? Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, swali hilo limekuwa zito zaidi, maana makuta ya familia nyingi yako mu simu. Mtu akishatoa namba yake na kode ya siri kwa wezi, hana gishe ya benki ya kukimbilia.

Sehemu ya jibu iko mwishoni mwa anwani yenyewe. Majina ya intaneti hayagawanywi ovyo. Yako kama parsele za mji: kuna zinazouzwa kwa kila mtu mwenye makuta, kuna zenye masharti ambazo mtu wa kawaida hapewi, na kuna zilizowekwa pembeni kabisa, haziuzwi kwa yeyote. Daftari kubwa la dunia linashikwa na IANA, kazi inayosimamiwa na shirika la ICANN lenye makao California, Marekani.

Tuseme kwanza zile za wazi: .com, .net na .org. Watu wengi wanafikiri .org ni ya mashirika ya msaada peke yake. Sivyo. Ni kweli HCR inatumia unhcr.org na PAM inatumia wfp.org, lakini mwizi naye anaweza kununua jina linalofanana na hayo, nalo likaishia .org vilevile.

Zenye masharti ni tofauti. Jina linaloishia .int linapewa tu shirika lililoundwa kwa mkataba kati ya nchi na nchi. Ndiyo maana anwani ya OMS ni who.int. Jina la .gov ni la serikali za Marekani, na .mil ni la jeshi la nchi hiyo. Hapo makuta peke hayafungui mlango.

Kisha kuna majina ya nchi, yenye herufi mbili: .cd ya Kongo, .rw ya Rwanda, .ug ya Uganda. Herufi hizo zinatoka kwenye orodha ya kimataifa ya ISO 3166. Wazee wanakumbuka kwamba nchi iliwahi kuitwa Zaire, na wakati huo jina lake la intaneti lilikuwa .zr. Mei 1997 nchi ikabadilisha jina, .cd ikaanzishwa mwaka uleule, na .zr ikafutwa mu 2001. Herufi ZR zenyewe zimewekwa pembeni mu orodha ya ISO, ili watu wasichanganye nchi moja na nyingine.

Lakini mtu asidanganyike: .cd haionyeshi kwamba mwenye jina ni Mukongomani. Hata mtu wa Ulaya ao Amerika anaweza kulilipia. Kwa mambo ya leta, wizara nyingi za Kinshasa zinatumia majina yanayoishia gouv.cd, kama primature.gouv.cd.

Aina ya mwisho haijulikani sana. Mu 1999 wataalamu waliweka pembeni majina manne: .test, .example, .invalid na .localhost. Ni ya majaribio na ya mafundisho, hakuna atakayeyauziwa. Baadaye .local ikatengwa kwa vifaa vilivyo kwenye mtandao mumoja, kama imprimante ya ofisi. Aliye inje ya mtandao huo hafiki kwake. Mu 2024 ICANN ikaweka pembeni pia .internal, kwa mitandao ya ndani ya makampuni na taasisi.

Kuna pia .onion, iliyotengwa mu 2015 kwa ajili ya Tor, programu inayoficha njia anayopita msomaji. BBC ina anwani ya namna hiyo tangu 2019, kwa wasomaji wa nchi ambako habari zinazuiwa. Lakini nayo ina mipaka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa Kongo karibu siku 20. Mtandao wote ukikatwa, hata .onion haifunguki.

Majina kutengwa ni kitu kizuri, ila lazima kuwe na mtu wa kulinda daftari. Kongo ilikaribia kulipa bei ya jambo hilo. Mwisho wa 2020, jina scpt-network.com, lililokuwa linaelekeza sehemu ya safari zote za .cd, liliachwa bila kulipiwa upya. Fredrik Almroth, mtaalamu wa usalama wa kampuni ya Detectify ya Sweden, aliliona, akalinunua mbele ya wengine, kisha akajulisha wasimamizi wa .cd. Kama lingeshikwa na mwizi, angeweza kupeleka karibu nusu ya wanaotafuta anwani za .cd mahali anapotaka yeye. Watumiaji wangekuwa wameandika anwani sawasawa, na bado wangepotea.

Kwa mkaaji anayeshika simu mukononi, somo ni kusoma anwani kwa kurudi nyuma. Atafute alama ya / ya kwanza inayofuata jina, kisha asome kutoka hapo kwenda kushoto. Tuchukue anwani hii: unhcr.org.msaada-goma.example/jiandikishe. Jicho linakimbilia "unhcr.org" kwa sababu iko mbele. Lakini mwenye nyumba ni yule wa mwisho, "msaada-goma.example", na HCR haiko ndani hata kidogo. Mfano huu umeandikwa kwa .example kwa kusudi: hakuna mwizi atakayelinunua kesho na kulitumia. Kwenye kiungo cha kweli cha wezi, pale pangekuwa .com ao .org.

Akibaki na shaka, asibonyeze. Aandike mwenyewe anwani ya shirika anayoijua, ao aulize kwa shefu wa kartie na kwenye ofisi ya shirika. Hata anwani ikiwa ya kweli kabisa, hata ikiishia .int ao gouv.cd, kode ya siri ya Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money haiandikwi kwenye ukurasa wa kujiandikisha kwa msaada. Anayeiomba hapo si shirika la msaada.