Umbali wa Ramani, Urefu wa Safari

Oktoba 28, 2018, ndege ya Kenya Airways ilipaa Nairobi kwenda New York bila kutua popote njiani. Umbali ni kilomita zipatazo 11,800. Ratiba ilionyesha saa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Viwanja ni vilevile na ndege ni ileile. Saa moja ilipotelea wapi?

Jibu liko angani. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, juu ya Atlantiki ya kaskazini, huvuma mkondo wa upepo utokao magharibi, ambao wakati mwingine huzidi kasi ya kilomita 300 kwa saa. Ndege inayorudi Afrika husukumwa nao. Inayokwenda Marekani hupambana nao. Manahodha wa Lamu na Zanzibar wasingeshangaa: safari zao za Uarabuni walizihesabu kwa kaskazi na kusi.

Ardhi nayo ina lake. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na ya mabawa, hivyo ndege hushindwa kupaa na mafuta mengi pamoja na shehena kamili. Ndiyo maana kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian Airlines iendayo Washington ilitua Dublin au kwingineko kuongeza mafuta, lakini ikirudi ilifika Addis moja kwa moja.

Upepo na milima havishitakiki. Siasa inashitakika.

Urusi ilipozifungia ndege za Ulaya anga yake mwaka 2022, safari ya Finnair kati ya Helsinki na Tokyo, iliyokuwa chini ya saa 10, ilifika takriban saa 13. Ndege zililazimika kuzunguka, nyingine zikipitia karibu na Ncha ya Kaskazini.

Afrika ina kuta zake za angani, zilizojengwa kwa vibali na mikataba. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunis ni kilomita kama 5,700, chini ya nusu ya safari ya Nairobi–New York. Lakini msafiri anayepitia Istanbul huruka takriban saa saba, husubiri, kisha huruka karibu saa tatu nyingine. Akikaa uwanjani saa tano tu, ametumia saa 15: muda uleule wa kwenda New York.

Serikali za Afrika ziliahidi kufungua anga katika Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999, zikairudia ahadi hiyo Januari 2018 zilipozindua soko la pamoja la usafiri wa anga. Bado nyingi hubania haki za kutua ili kulinda mashirika yao. Hofu hiyo inaeleweka, ila faida ya ulinzi huo imekwenda Istanbul, Doha na Dubai.

Wapo watakaosema abiria wa Tunis ni wachache mno kujaza ndege. Ni kweli, wakihesabiwa wa Dar es Salaam peke yao. Ndege hiyo ikiruhusiwa kupakia wengine Addis Ababa kisha iendelee kaskazini, hesabu inabadilika. Ruhusa hiyo haihitaji uwanja mpya wala mkopo. Inahitaji saini za mawaziri wa uchukuzi.