Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Uingereza: Mtoto adahiliwe kwa matokeo yake

Mheshimiwa Waziri,

Naiandika barua hii kwa Kiswahili kwa sababu nataka isomwe kwanza na wazazi wenzangu wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo tunaoishi huku, ambao kila mwaka hupokea karatasi ya shule yenye gredi ambazo mtoto hajazipata bado. Wizara yako haikosi wafasiri.

Kwa msomaji aliyeko nyumbani: mtoto wa huku hufanya GCSE akiwa na miaka 16, kisha hufanya A-level akiwa na 18, yaani kidato chetu cha sita. Mtihani huo ni Mei na Juni. Maombi ya chuo kikuu, hata hivyo, hupelekwa UCAS, wakala wa maombi ya vyuo, mwezi Januari, na anayetaka udaktari, Oxford au Cambridge hutakiwa awe amemaliza kabla ya katikati ya Oktoba. Chuo kinaamua kwa kutazama gredi za GCSE na makadirio ya walimu kuhusu A-level. Zamani palikuwa na kipimo cha katikati, AS, mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa kwanza. Mageuzi yaliyoanza Septemba 2015 yaliutenga na A-level, na shule nyingi zikauacha. Siku hizi mtihani wa mwisho wa taifa ambao chuo kinaweza kuuona ni ule alioufanya mtoto akiwa na miaka 16.

Ndipo kikokotoo kinapoingia. Shule nyingi huchukua wastani wa GCSE, zikalinganisha na waliotangulia, zikapata gredi ya lengo, na mara nyingi makadirio huota hapo. Hesabu hiyo ina kazi yake. Kwa maelfu ya wanafunzi kwa pamoja, wastani wa GCSE unasema mengi, na wizara yako ina haki kuutumia kupima kama shule imewasogeza wanafunzi wake mbele. Kwa mtoto mmoja haufai. Majedwali yaliyochapishwa na wizara yenyewe yanaonyesha wanafunzi walioanza na wastani ule ule wakiishia mbalimbali, huyu A, yule D. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha UCL, London, waliipa kompyuta gredi za GCSE ikisie gredi za masomo matatu bora ya A-level ya kila mwanafunzi. Ilipatia kwa takriban mmoja kati ya wanne. Makosa yenyewe hayakuwaangukia wote sawa. Miongoni mwa waliofaulu sana, 23% ya wanafunzi wa shule za kawaida za serikali walikisiwa chini kwa gredi mbili au zaidi, ilhali kwa wa shule za kulipia na za mchujo ilikuwa 11%.

Watoto wetu wana la ziada. Aliyefika kutoka Unguja au Bukavu akiwa na miaka 14 hufanya GCSE ya Kiingereza na historia kabla ulimi haujazoea, na gredi 4 kati ya 9 anayoipata hapo huingizwa kwenye wastani utakaotumika kukisia kemia yake. Namjua kijana wa Tanga ambaye shule ilimkadiria C ya kemia kwa njia hiyo, akaacha kuomba ufamasia. Agosti akapata A. Tena, mtoto wa Kipolandi, Kibangali au Kireno anaweza kufanya GCSE ya lugha ya kwao na kupandisha wastani. Kiswahili hakimo katika masomo ya GCSE, ingawa kinazungumzwa na mamilioni ya watu. Hilo nalo ungelitazama ukipata nafasi.

Hatari ya vikokotoo hivi serikali yenu inaijua. Korona ilipofuta mitihani mwaka 2020, Ofqual, msimamizi wa mitihani, ilitumia matokeo ya nyuma ya kila shule pamoja na GCSE za wanafunzi kugawa gredi za A-level. Tarehe 13 Agosti karibu 40% ya gredi zilizopendekezwa na walimu Uingereza zilikuwa zimeshushwa. Madarasa madogo sana yaliachiwa gredi za walimu, na madarasa ya namna hiyo yako zaidi katika shule za kulipia. Wanafunzi wakaja mlangoni pa wizara, na tarehe 17 serikali ikarudi nyuma. Baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, akakilaumu kikokotoo, kana kwamba kilijituma.

Kelele zikaisha, na mtoto akaendelea kukisiwa kila Januari.

Kwetu Tanzania mfumo wa elimu una kasoro nyingi na sitaki kuupamba. Lakini hili tunalifanya vizuri kuliko ninyi: mtihani wa kidato cha sita ni Mei, Baraza la Mitihani hutoa matokeo Julai, wengine yakiwakuta kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ndipo kijana anaomba chuo akiwa na gredi zake mkononi. Masomo huanza Oktoba au Novemba. Serikali yenu ilikusanya maoni kuhusu utaratibu wa aina hiyo kuanzia Januari 2021, na Februari 2022 ikauweka kando. Hoja ya muda ni ya kweli, maana matokeo yenu hutoka katikati ya Agosti na vyuo hufunguliwa wiki chache baadaye. Ila kalenda hupangwa na watu. Mwaka wa kwanza ukianza Novemba, hakuna chuo kitakachobomoka.

Naomba mambo mawili. Ufufue mpango wa kudahili baada ya matokeo. Na kabla haujaanza, uzitake shule zimwonyeshe mwanafunzi na mzazi wake makadirio pamoja na namna yalivyopatikana, huku bado kuna muda wa kuyapinga.

Nanyi wazazi wenzangu, msingoje jibu la wizara. Nendeni shuleni mwezi Septemba, muulize gredi ya mtoto imetokana na kazi yake ya darasani na mtihani wa moko, au na GCSE peke yake. Mkijibiwa kuwa ni GCSE peke yake, ombeni ipitiwe upya, kwa maandishi.