Apata 17 kwa 20, moshi ungali pale pale

Jumamosi iliyopita binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliniletea daftari lake la Kiswahili. Alikuwa ameandika insha kuhusu uchafuzi wa mazingira na kupata alama 17 kwa 20. Lugha ilikuwa sanifu, methali zimetungwa kama shanga. Nikampongeza. Yeye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Anti, hii insha haijasaidia mtu."

Nilitaka kumkemea. Lakini tulikuwa tumeketi mlangoni hapa Dandora, na moshi wa jaa la taka ulikuwa ukituwasha macho. Nikamwacha aseme. Akasema matatu.

La kwanza ni elimu. Binti huyu yumo katika kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Anaweza kukutajia visababishi vitano vya uchafuzi pasipo kupumua. Hata hivyo, darasa lake halijapelekwa hata siku moja kuutazama mtaro ulioziba nje ya lango la shule. Mtihani ukipita, vyote vitano husahaulika.

La pili ni mazingira. Jaa hili limepokea taka za jiji tangu miaka ya 1970. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori yangali yanakuja. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako papa hapa Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 wa maeneo haya waliopimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi, yale ya betri za magari, katika damu kwa kiwango cha hatari. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Nduguye binti huyu ana miaka minne, na usiku kucha hukohoa.

La tatu ni lugha, na hapa ndipo aliponishinda. Vijana wa ploti yao huchoma plastiki jioni. Aliwaendea na Kiswahili cha insha: "Uchomaji wa plastiki hudhuru afya." Wakaangua kicheko, wakamwuliza kama anasoma taarifa ya habari. Kesho yake akarudi: "Wasee, hiyo moshi inamaliza watoi wetu." Hakuna aliyecheka. Mmoja akachota maji akauzima moto.

Siku ya tatu moto uliwashwa tena. Naye akarudi tena.

Wazazi wengi, nami nikiwemo, tumekuwa tukiilaani Sheng kuwa inaua Kiswahili. Tunasahau kwamba ilikua katika mitaa hii hii ya Eastlands, ambako watoto wa Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya na Kikamba walichezea uwanja mmoja na kuhitaji lugha ya kuitana. Je, tuipeleke kwenye karatasi ya mtihani? La hasha! Afisa wa kaunti hataandikiwa "wasee", na mwanafunzi asiyejua Kiswahili sanifu amejifungia mlango wa afisi hiyo. Lakini aliye na sanifu pekee, jirani yake atamsikiliza lini?

Nilimwambia hivyo binti yetu. Akalichukua daftari lake, na sasa insha ile anaigeuza barua kwa serikali ya kaunti. Nimeahidi kuisahihisha.

Nawe msomaji, jioni ya leo mwombe mwanao akusomee insha yake ya mwisho. Kisha mwulize ni nani hapo mtaani anayepaswa kuisikia, na ataelezwa kwa lugha gani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jumapili njema.