Wembe wa akika na mapengo mawili



Zilikuwa zimesalia siku mbili kufikia akika ya kitukuu chake pale mzee mmoja wa msikiti wetu alipotujia baada ya Swala ya Alasiri, akiwa na kitambaa kilichofungwa mkononi. Ndani yake mlikuwa na wembe wa kukunja wa zamani, mpini wake wa pembe ya ng'ombe, na juu ya chuma chake limechongwa jina la mji wa Solingen, Ujerumani. Kwa wembe huo walinyolewa wanawe wote siku ya saba, kisha wajukuu. Asubuhi ya siku hiyo ulimponyoka ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. "Katibu," alituambia, "babu yako alikuwa kinyozi. Nitengenezee huu, mwanangu, nimnyolee mtoto."

Ni kweli kwamba marehemu babu yetu alituachia mawe yake ya kunolea na mkanda wake wa ngozi, na pengine hicho ndicho kilichotupa ujasiri wa kuupokea. Tuliutazama chini ya taa kwa kioo cha kukuzia. Makali yalikuwa na mapengo mawili, moja dogo mno, la pili karibu nusu milimita, na karibu na mpini kutu ilikuwa imechimba vishimo. Jambo la kwanza tulilolitafuta ni ufa. Pengo husawazishwa, lakini ufa mwembamba kama unywele, unaopanda kutoka kwenye makali kuelekea mgongoni, ndio mwisho wa wembe, maana utaendelea kupasuka hata jiwe likiwa zuri kiasi gani. Alhamdulillahi, hatukuuona.

Wako wanaoukimbiza wembe wa namna hii kwa mnoa visu wa gurudumu. Tunawasihi sana wasifanye hivyo. Ubapa wa wembe ni mwembamba mno, na joto la gurudumu hupanda kwa kufumba na kufumbua. Chuma kikigeuka rangi ya manjano, kisha ya buluu, ule ugumu aliokitia mhunzi umekwisha kupotea, na makali yake hayatadumu tena.

Isitoshe, wembe haunolewi kama kisu. Mwenye kunoa kisu hukadiria mwinamo kwa mkono wake, ilhali katika wembe mwinamo huo umewekwa na muundaji mwenyewe katika unene wa mgongo. Kazi ya mnoaji ni kuulaza tu, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, akausukuma makali yakitangulia, kisha akaugeuza kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake. Mgongo ukiinuka kidogo tu, umeharibu. Kwa kuwa mapengo yalitulazimu kusugua kwa muda mrefu, tuliubandika mgongo utepe wa fundi umeme ili usilike, nao tukaubadilisha kila ulipochakaa.

Usiku wa kwanza, baada ya Isha, tulianza na jiwe la namba 1000, lililoloweshwa maji. Kabla ya hapo tulilisawazisha jiwe lenyewe kwa msasa uliotandikwa juu ya kioo, kwani lilikuwa limebonyea katikati, na jiwe lililobonyea haliwezi kuzaa makali yaliyonyooka. Tulipaka wino wa kalamu nzito kandokando ya makali, tukasugua mara chache, tukatazama: wino uliobaki ulituonesha mahali jiwe lisipogusa. Pengo dogo lilikwisha mapema. Lile kubwa lilitukesha, kwa sababu pengo halijazwi. Makali yote hushushwa mpaka yalifikie. Hamu ya kukandamiza ilitujia mara nyingi, na kila tulipoitii wembe ulipinda chini ya vidole na kusugua upande mmoja tu.

Usiku wa pili ulikuwa mwepesi. Jiwe la 4000, kisha la 8000, mkono ukizidi kuwa mwepesi kila hatua, na mwisho mkanda wa ngozi, mara 50 kwenda na kurudi, safari hii mgongo ukitangulia, la sivyo ngozi hukatika na makali huvunjika. Tuliyaelekeza makali kwenye taa. Makali butu humeta mstari mweupe. Haya hayakumeta popote. Vinyweleo vya mkono vilikatika bila kuvutwa.

Hapo ndipo lilipokuja gumu, nalo halikuwa la jiwe wala ngozi. Vishimo vya kutu vilibaki. Mpini wa pembe hauwezi kuchemshwa bila kupinda. Wembe ule umepita vichwa vingi, na virusi vya homa ya ini aina B huweza kubaki hai katika damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Utosi wa mtoto mchanga ni laini, na mtoto hatulii. Tulimwambia mzee wetu, kwa adabu tuliyoiweza, kwamba wembe wake umepona, ila mtoto anyolewe kwa wembe mpya utokao kwenye karatasi yake.

Alinyamaza kitambo. Kisha akatuuliza kwa nini basi tulikesha siku mbili, na kwa kweli hatukuwa na jibu la haraka. Tungemwambia tangu siku ya kwanza. Tulikawia kwa kumstahi, na katika hilo tulikosea.

Siku ya saba mtoto alinyolewa na shangazi yake kwa wembe mpya, nywele zikapimwa ili itolewe sadaka ya fedha ya uzito wake. Mbuzi wawili walikuwa bado wamefungwa uani pale mzee alipovuta kigoda, akavua kofia, akampa mjukuu wake wembe wa Solingen. "Sasa mimi," alisema. "Huu ni wangu peke yangu tena." Alinyolewa kichwa chote bila mkwaruzo hata mmoja, naye akatutazama mara moja tu, akacheka.