Maradhi ya Kuku Mtagaji, na Majonzi ya Mtoto

Mwezi huu, enyi wasomaji wetu wapenzi, twataka kusema nanyi juu ya kuku. Huenda baadhi yenu wakacheka na kuuliza: je, hata kuku naye apewe ukurasa? Twawaomba msubiri kidogo. Nyumba nyingi za Waislamu katika mji wetu wa Arusha, tangu Ngarenaro mpaka Kaloleni, na huko migombani Tengeru chini ya Mlima Meru, zina kuku wawili watatu uani. Na mara nyingi katika hao yumo mmoja ambaye si wa nyumba, bali ni wa mtoto. Kuku huyo ana jina, na hula mkononi. Mtoto akirudi chuoni humwendea yeye kabla hajamwamkia mamake, jambo ambalo sisi walimu hatulipendi, lakini ndivyo lilivyo.

Kuku huyo akifa, wakubwa husema, "Ni kideri," na maneno yakaisha. Kweli kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huua kuku wengi sana katika nchi yetu, na asiyechanja kuku wake hana wa kumlaumu. Lakini kideri huingia bandani kama moto katika nyasi kavu. Hakichagui mmoja kikaacha wenziwe wakila na kuparura. Basi ukimwona kuku mmoja tu, naye ni jike atagaye, amejitenga, mkia ameuinamisha, amesimama wima kama mtu aumwaye na tumbo, na tumbo lenyewe limevimba, hapo yakupasa ushuku uzazi wake.

Mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa miaka tisa, alikuwa na kuku wa namna hii, jina lake Kahawa. Baba alikuwa amemnunua sokoni kwa bei ndogo, katika wale kuku wa mayai ambao mfugaji huwauza wakipunguza kutaga. Katika baridi ya Juni, ukungu wa Meru ulipokuwa hauondoki mpaka adhuhuri, Kahawa aliacha kula. Baba akanoa kisu. Mtoto, kwa mapenzi yake, akamficha kuku chini ya kitanda siku mbili.

Daktari wa mifugo alipoitwa alipapasa tumbo, akasema kwamba viini vya mayai vimemwagikia ndani. Na hapa inafaa tueleze, maana wengi hula mayai kila siku na hawajui yatokako. Kuku jike kwa kawaida ana kifuko kimoja tu cha mayai kifanyacho kazi, nacho ni cha upande wa kushoto. Kiini kikiiva huchopoka, kikadakwa na mdomo wa mrija mrefu. Humo hupata ute, kisha ngozi nyembamba, na mwisho ganda, ambalo peke yake huchukua saa kama 20. Safari yote ni ya siku moja na zaidi kidogo. Mrija ukiwa na ugonjwa, kiini hukosa njia kikaangukia tumboni, na vijidudu vikipata chakula hicho huozesha ndani yake. Pengine yai huwa limekwisha kuumbwa, lakini hukwama njiani. Pengine mrija wenyewe hutokeza nje, na kuku wenziwe, ambao hawana huruma kwa kitu chekundu, humdonoa mpaka afe.

Kwa nini basi kuku wa bibi zetu hawakusifika kwa maradhi haya? Kuku wa mwituni wa Asia, aliye asili ya kuku wote, hutaga mayai 10 mpaka 15 hivi kwa mwaka. Kuku wetu wa kienyeji hutaga kikao kimoja, akaatamia siku 21, akalea vifaranga, na muda wote huo mrija wake umepumzika. Lakini kuku wa mayai wa kisasa amechaguliwa kizazi baada ya kizazi hata akafikia mayai 300 kwa mwaka, na hamu ya kuatamia imeondolewa katika damu yake. Katika nchi za kaskazini, siku fupi za kipusa humpumzisha, kama mfugaji hakumwashia taa; hapa kwetu, karibu na Ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, na hana pumziko ila anaponyonyoka manyoya. Aliyemnunua kuku wa namna hiyo amechoka, asidhani amenunua kuku mzima aliyepungukiwa mayai tu. Hata saratani ya kifuko cha mayai humpata mno, kiasi ambacho wataalamu humchunguza yeye ili waifahamu ile iwapatayo wanawake.

Yai likiwa limekwama tu, kuna la kufanya. Mtie kuku katika beseni la maji ya uvuguvugu yafike tumboni, muda wa nusu saa. Kisha mkaushe, mweke mahali pa joto, penye giza na kimya, na umwite daktari siku ile ile. Usilibonyeze tumbo wala usilivunje yai ndani, kwani vipande vya ganda hukata. Chokaa ya kuku katika chakula husaidia kuzuia, kwa kuwa ganda na nguvu za kusukuma yai vyote vyataka madini hayo. Lakini viini vikishaoza tumboni, dawa humfaa mmoja mmoja tu, na mara nyingi ugonjwa hurudi.

Huyu wa mwanafunzi wetu hakuwa na tumaini. Baba akaja kutuuliza: "Maalim, nikimchinja angali hai, si halali?" Tukamwambia kwamba mnyama aliyewahiwa kwa kisu, angali na uhai wa kweli ndani yake, si kibudu, lakini Kurani imetaja chakula halali ikafuatanisha na chema, na nyama iliyokaa katika usaha si chema, haifai kupelekwa jikoni. Na yule aliyekwisha kufa mwenyewe, huyo ni nyamafu, hapana mjadala.

Ya mtoto yalikuwa magumu zaidi. Tulikaa naye barazani. Hatukumwambia, "Ni kuku tu." Tulimsimulia habari ya Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege cha kuchezea kikafa, na Mtume (s.a.w.), pamoja na shughuli zake zote, alipomwona mtoto yule ana huzuni alimwuliza habari za kindege chake, akimwita kwa jina lake la heshima kama mtu mzima. Kisha tukamweleza kwamba mnyama aliye katika maumivu hasitiriki kwa kufichwa. Akanyamaza kitambo kirefu. Halafu akauliza kama kisu kitakuwa kikali.

Baba alikinoa tena, mbali na macho ya kuku, kama ilivyo adabu. Tumbo lilipopasuliwa lilikuwa limejaa maji ya manjano na viini vigumu kama mayai ya kuchemsha. Wakamzika nyuma ya nyumba, shimo refu mbwa wasifukue.

Mwezi wa Agosti mtoto aliletewa tetea wa kienyeji kutoka kwa jamaa zake wa Usa River, mweusi, mdogo, mkali. Hivi sasa anaatamia mayai 11, na hakubali kushikwa na mtu.