Steringi kaondoka bila kuaga

Najua nimepotea, mtanisamehe, si mnajua tena mambo ya testi na desa zisizoisha. Nipo, mzima, bumu limeshakata kama kawaida yake, maisha yanasonga. Leo sina habari za foleni ya maji wala za kafeteria kupunguza nyama. Leo nina jambo la tamthilia. Wale mnaosema tamthilia ni mambo ya watoto naomba mnivumilie hadi mwisho, maana huko mwisho kuna aibu yangu mwenyewe.

Juzi usiku umeme ulikatika hosteli. Laptopu yangu ilikuwa na chaji na flashi ilikuwepo (msiulize ilitoka wapi). Tukajibana wanne kwenye kitanda kimoja, tukaangalia tena kipindi cha mwisho cha Ncuti Gatwa katika Doctor Who. Ni kile kilichotoka tarehe 31 Mei 2025. Mmoja wa hao wanne ni rafiki yangu Mnyarwanda, tunasoma naye kozi moja. Kilipoisha akaifunga laptopu kwa nguvu mpaka nikaihurumia skrini. Akasema, "Huyu katusaliti. Hata nikiangalia mara kumi, katusaliti."

Ubishi ulianza saa nne, tukalala saa nane.

Kwa wasioijua: Doctor Who ni tamthilia ya BBC iliyoanza Novemba 1963. Steringi wake anaitwa Daktari, basi. Si binadamu, katoka sayari nyingine, na anasafiri kwenye wakati kwa kibanda cha bluu cha polisi ambacho kwa ndani ni kikubwa kuliko kwa nje. Sasa sisi tuliokulia vibanda vya video tunajua kanuni moja, kwamba steringi hafi. Waingereza wao walikuja na ujanja wao. Mwaka 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, afya yake ilikuwa imezorota. Badala ya kuifunga tamthilia, wakaamua kwamba Daktari akikaribia kufa anabadilika mwili mzima: sura mpya, tabia mpya, kumbukumbu zilezile. Akaingia Patrick Troughton, mambo yakaendelea. Yaani ni tamthilia iliyojengwa juu ya watu kuondoka. Ungedhani mashabiki wake ndio waliozoea kuliko wote. Wapi!

Huyu Gatwa alizaliwa Rwanda mwaka 1992. Familia yake ilikimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, akakulia huko. Alipotangazwa Mei 2022 kwamba ndiye Daktari mpya, rafiki yangu alikuwa bado sekondari, na anasema nyumbani kwao walipiga vigelegele kana kwamba kuna binamu kafaulu mtihani. Alikuwa Mweusi wa kwanza kuibeba tamthilia hiyo kama mhusika mkuu. Jo Martin alishamcheza Daktari mwaka 2020, lakini ilikuwa kwa kupita tu. Basi akacheza misimu miwili, wa 2024 na wa 2025, kila mmoja vipindi 8 ukiacha vile vya Krismasi. Halafu usiku mmoja watu wamekaa wanaangalia, mwili unawaka mwanga, kijana wa Kigali hayupo tena, na sura inayotokea ni ya Billie Piper, yule aliyecheza Rose kuanzia 2005. Hakukuwa na tangazo lolote kabla ya usiku ule.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wengine walilia. Wengine walishangilia, na kati yao wako waliomkataa tangu siku ya kwanza kwa sababu ya rangi yake, hao sina muda nao. Ila kundi kubwa lilikuwa la waliompenda na wakakasirika. Eti kafukuzwa. Eti Disney, ambao walikuwa washirika wa BBC, wamekata hela. Eti kaona ameshakuwa staa, tamthilia imekuwa ndogo kwake. Mwenyewe baadaye alieleza kwamba kazi ile ni nzito na mwili ulikuwa umechoka, na mwaka uleule akapanda jukwaani London kumcheza Christopher Marlowe. Ilipothibitishwa Oktoba 2025 kwamba Disney inajitoa, wavumi wakasema si tulisema! Lakini jamani, mshirika kujitoa si ushahidi kwamba mtu alifukuzwa. Hayo ni mambo mawili.

Msimamo wangu ule usiku ulikuwa rahisi. Nilisema mwigizaji ni mfanyakazi. Anaamka usiku, anakimbizwa kwenye baridi, anarudia kitu kimoja mara ishirini, na sisi tunaona dakika hamsini zimepita kama mchezo. Akisema basi, ni basi. Hakuna mtu anayemfuata dereva wa daladala aliyeacha kazi akamwambia katusaliti. Tunamlipa nini sisi? Hata flashi hatukuinunua.

Rafiki yangu akanisikiliza, halafu akanijibu kwa mfano ambao sikuutegemea. Akaniuliza, "Unamjua Nichelle Nichols?"

Namjua. Yule dada aliyemcheza Uhura kwenye Star Trek ya 1966, Mweusi mwenye cheo ndani ya chombo cha anga wakati Marekani bado inapigania haki za msingi. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, akaenda kwa mtayarishaji Gene Roddenberry kumpa barua ya kujiuzulu. Kisha kwenye hafla moja akaambiwa kuna shabiki anataka kumwona. Kugeuka, ni Martin Luther King. King akamwambia kwamba yeye na mkewe wanawaruhusu watoto waangalie ile tamthilia, na kwamba asiondoke, maana nafasi ile ikifungwa huenda isifunguke tena. Akabaki hadi mwisho mwaka 1969. Baadaye akaenda kuisaidia NASA kuwatafuta wanawake na watu wa jamii zilizoachwa nyuma wajiunge na wanaanga.

"Sasa," akasema rafiki yangu, "King naye alikuwa mjinga? Naye angemwacha mfanyakazi aende zake? Wewe unasema ni kazi tu kwa sababu wewe sura yako unaiona kila siku. Mimi nikiwa mdogo, mtu kutoka kwetu kwenye televisheni za nje alikuwa anatafutwa kwa ajili ya mambo ya 1994 tu. Huyu alikuwa anacheka. Anacheza muziki, amevaa suti nzuri, anaokoa dunia. Halafu mara hayupo."

Wadau, nilinyamaza. Hapo hakuna cha kubishana. Mimi naangalia Doctor Who kama burudani ya baada ya testi, yeye alikuwa anaangalia kitu kingine kabisa kwenye skrini ileile.

Lakini nikiuangalia mfano wake vizuri, unanisaidia na mimi. King alimwendea Nichols ana kwa ana, akamweleza sababu, akamwomba. Hakumtukana wala hakumwambia wewe ni mali yetu. Na uamuzi ukabaki mikononi mwa yule dada. Angesema hapana, ingekuwa hapana. Kuomba ni haki ya kila anayependa. Kudai ni kitu kingine, na neno "katusaliti" ni la kudai. Linasema ulikuwa na deni kwetu ukakimbia bila kulipa.

Hata hivyo nikamkubalia kitu kimoja, na hiki ndicho nataka kukisema leo. Hasira yake haikuwa ya bure. Ila nadhani haikutokana na kuondoka. Ilitokana na namna ya kuondoka.

Tazameni waliomtangulia. Mwaka 2005 tamthilia ilirudi baada ya miaka 16, kipindi cha kwanza kikatoka tarehe 26 Machi, Christopher Eccleston ndiye Daktari. Haijapita hata wiki, habari zikatoka kwamba anaondoka. BBC wakatoa na maneno ya sababu wakasema ni yake, eti anaogopa kuonekana wa aina moja tu. Siku chache baadaye wakakiri kwamba maneno yale hawakuwa wamemuuliza, wakaomba radhi. Ilichukua miaka mingi kabla yeye mwenyewe hajasema kwamba tatizo lilikuwa uhusiano wake na wakubwa wa kazi. Kwa miaka yote hiyo mashabiki walimhukumu kwa maneno ambayo hakuyasema. Kuna waliomwita mtu wa kujisikia. Uliza waliyapata wapi.

Sasa mchukueni David Tennant. Oktoba 2008, akiwa Stratford anacheza Hamlet, wakati wa mapumziko ya mchezo akatokea moja kwa moja kwenye tuzo za televisheni akasema mwenyewe kwamba anaondoka. Akabaki na vipindi maalumu kwa mwaka mzima wa 2009, akatoka tarehe 1 Januari 2010. Na kwenye kile kipindi cha mwisho Daktari anajua anakufa, kwa hiyo anazunguka kwanza kuwaona wote aliosafiri nao, mmoja mmoja, ndipo anakubali kubadilika. Watu walilia sana. Mimi mwenyewe nililia, na niliiona miaka mingi baadaye nikiwa najua kinachokuja. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisema Tennant katusaliti. Aliaga, wakamlilia, ikaisha.

Kwa Gatwa watu hawakupewa hata wiki moja ya kujiandaa. Naelewa kwamba mshangao una utamu wake, na kwamba siri kama ile ni ngumu kuitunza. Lakini penye ukimya watu wanajaza yao. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uvumi wote ule wa kufukuzwa na hela uliota kwenye shamba ambalo wenyewe waliliacha wazi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Shabiki hana haki juu ya mtu. Hawezi kumwambia usichoke, usitafute kazi nyingine, usiwe na maisha yako. Na hasira ikishindwa kumpata anayeondoka, isiende kumwangukia anayeingia. Billie Piper hakumfukuza mtu. Lakini shabiki ana haki juu ya hadithi, na hadithi iliyokuambia njoo, kaa, mpende huyu, inakudai yenyewe ikuage. Anayeaga vizuri haongezi deni, analimaliza.

Nilipomaliza kutoa hotuba hiyo nilijiona nimeongea kama profesa. Rafiki yangu akanitazama kwenye ule mwanga wa simu, akasema taratibu, "Kwa hiyo unakubali kwamba mtu anapaswa kuaga."

Nikasema ndiyo, ndicho ninachosema.

Akasema, "Na wewe?"

Haya, aibu yenyewe ndiyo hii. Wengine mnaijua. Mwaka wa pili nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo hapa chuoni. Nilipewa nafasi ya mama, yeye alikuwa binti yangu. Zimebaki wiki tatu tuonyeshe, nikapata sapu mbili. Niliogopa kudisko, nyumbani ningesema nini? Nikaandika ujumbe wa mstari mmoja kwa mwenyekiti kwamba siwezi kuendelea, nikazima simu, nikajifungia na madesa. Wakamtafuta mama mwingine. Yeye hakunisemesha karibu mwezi mzima, na mimi nilikuwa namsema kwa watu kwamba ana roho mbaya, hataki mwenzake afaulu.

"Sikukasirika kwa sababu uliondoka," akaniambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nakushikia nafasi kwenye foleni ya chakula ili ukariri maneno yako. Nilijua una sapu. Nilikuwa nasubiri uje uniambie. Nikaambiwa na mwenyekiti."

Wale wengine wawili walikuwa wameshalala, au walijifanya wamelala. Nikamwambia, "Nisamehe dada, nilipaswa kukuaga." Akasema sawa. Kisha akaongeza kwamba Gatwa bado hajamsamehe, hilo ni suala tofauti.

Sapu nilifaulu zote mbili, na kuondoka kwangu sikujutii hata leo. Ningebaki ningedisko. Ninachojutia ni ule mstari mmoja na ile simu niliyoizima.

Umeme ulirudi asubuhi. Saa sita mchana nikamkuta amekaa kwenye vimbweta anaangalia tena, safari hii kile kipindi cha 2025 ambacho Daktari yuko Lagos kwenye saluni ya kunyoa, alichoandika Inua Ellams. Ananyolewa huku anasimulia hadithi. Nikakaa pembeni, akanipa sikio moja la hedifoni. Hatukusema kitu.

Naomba kuwasilisha. Mkinikosa wiki mbili zijazo mjue ni UE, nitarudi. Angalau safari hii nimeaga.