Jina la Konokono Ni Sehemu ya Tiba ya Kichocho

Mapambano dhidi ya kichocho nchini Tanzania yamejengwa juu ya kidonge. Watoto wa shule hupangwa mstari, hupimwa kimo, hupewa prazikwanteli kwa kadiri ya kimo hicho, kisha hurudi darasani. Kazi hiyo ni njema na imeokoa maini na vibofu vya watu wengi. Hata hivyo, dawa hiyo huua minyoo waliokomaa; wale wachanga huponea chupuchupu, na mtoto anayerudi majini juma linalofuata hana kinga yoyote aliyoachiwa na kidonge. Anayemrudishia ugonjwa ni konokono, na konokono huyo ni nadra kutajwa kwa jina katika mipango ya afya ya wilaya. Katika maeneo kama Ngara na Biharamulo, kutomtambua konokono huyo ni pengo ambalo limevumiliwa kwa muda mrefu mno.

Wilaya hizi mbili za Kagera zina maji ya kila namna. Mito ya Ruvubu na Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Kuna mabonde yanayolimwa, vijito vinavyofuliwa nguo, malambo ya kunyweshea mifugo na madimbwi yanayokauka kiangazi. Sehemu kubwa ya ufukwe wa Ziwa Viktoria uliokuwa wa Biharamulo sasa iko Chato, lakini wavuvi na wachuuzi wa samaki hawakuacha kwenda ziwani na kurudi. Kila aina ya maji haya ina konokono wake, na kila konokono ana ugonjwa anaoweza kuubeba au asioweza kuubeba kabisa.

Umuhimu wa kutambua konokono si jambo jipya. Mwaka 1851, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho katika maiti jijini Kairo. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo, wataalamu walibishana: mayai yenye mwiba nchani, yanayoonekana katika mkojo, na mayai yenye mwiba ubavuni, yanayoonekana katika kinyesi, ni ya mnyoo mmoja au wawili? Hadubini peke yake haikumaliza ubishi. Uliomaliza ni uchunguzi wa konokono. Mwaka 1915, Robert Leiper alionyesha huko Misri kwamba kichocho cha mkojo hupitia konokono wa jenasi Bulinus, na kichocho cha tumbo hupitia konokono bapa ambaye leo yumo katika jenasi Biomphalaria. Magonjwa mawili yalitenganishwa kwa kutenganisha magamba mawili.

Katika Kanda ya Ziwa, somo hilo lina sura ya pekee. Mtaalamu wa Berlin, Eduard von Martens, aliwapa majina konokono wawili wa jenasi Biomphalaria: Biomphalaria sudanica mwaka 1870, na Biomphalaria choanomphala mwaka 1879. Wa kwanza huishi kandokando, katika matete na mafunjo, na gamba lake ni pana lenye mizunguko mingi. Wa pili ni mdogo zaidi, na huishi ndani zaidi ya Ziwa Viktoria, mbali na majani ya ufukweni, kwenye mchanga na matope ya kina kirefu. Jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya faneli na kitovu, kwa sababu ya shimo lililo katikati ya gamba.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mgonjwa. Mtu anayetafuta konokono kwa chujio la mkono ukingoni mwa ziwa atampata sudanica na kumkosa choanomphala, ambaye hupatikana kwa kukokota chombo cha kukwangua chini ya maji. Ufukwe wa mchanga usio na matete unaweza hivyo kuhesabiwa kuwa salama, ilhali mbeba vimelea yumo mita chache ndani. Uchunguzi wa vinasaba nao umewafanya watafiti kadhaa kupendekeza kwamba hawa wawili ni spishi moja, yenye sura mbili zinazotokana na mazingira. Iwapo ndivyo, kuwaangamiza walio ukingoni pekee ni kukata tawi na kuuacha mzizi, kwa kuwa walio kilindini wanaweza kujaza nafasi iliyoachwa.

Kwamba konokono wa jenasi moja wasichukuliwe kuwa sawa ni jambo linaloonekana hata baharini. Conus geographus wa Bahari ya Hindi anaweza kumuua mtu kwa mchomo mmoja, ilhali sumu ya ndugu yake, Conus magus, ndiyo iliyozaa dawa ya maumivu makali, zikonotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Jina sahihi hutenganisha hatari na faida.

Wapo watakaosema kwamba elimu hii ni ya maktaba. Prazikwanteli hutibu kichocho cha mkojo na cha tumbo vilevile. Kuna faida gani basi kwa mganga wa zahanati kujua jina la konokono? Hoja hii ina nguvu, ila inasahau mambo matatu.

La kwanza ni mahali na majira. Bulinus kadhaa huweza kujificha katika matope ya dimbwi lililokauka na kuamka mvua zinaporudi; Gerald Webbe, aliyefanya kazi Mwanza, alichapisha mwaka 1962 uchunguzi wake wa uambukizaji wa kichocho cha mkojo katika Jimbo la Ziwa la wakati ule. Biomphalaria pfeifferi, kwa upande wake, hupenda vijito, mifereji na malambo. Kwa hiyo dimbwi la msimu na kijito cha kudumu havihitaji ratiba moja ya ulinzi.

La pili ni uamuzi wa kitabibu. Kichocho cha mkojo hushambulia pia via vya uzazi vya mwanamke, kikileta maumivu, kutokwa damu na vidonda vinavyofanana na vya magonjwa ya zinaa. Mwanamke anaweza kutibiwa zinaa mara tatu bila nafuu, na nyumba ikajaa shutuma zisizo na msingi. Mganga anayejua kwamba Bulinus wamo katika dimbwi la kijiji chake atauliza swali la maji kabla ya kuuliza swali la ndoa.

La tatu ni gharama ya kukosea. Niklosamidi, dawa ya kuulia konokono, huua samaki pia. Kuimwaga katika maji yenye konokono wasio na hatia ni kupoteza fedha na kitoweo cha watu.

Utambuzi wa awali hauhitaji maabara kubwa. Gamba likishikwa ncha juu na mdomo ukielekezwa kwa mtazamaji, mdomo ulio kushoto huashiria Bulinus au jamaa zake wa karibu; mdomo ulio kulia, bila kifuniko, huashiria jamii ya Lymnaea, ambao hubeba minyoo ya ini ya ng'ombe. Gamba bapa kama sarafu, lisilo na ncha, huelekeza kwa Biomphalaria. Gamba refu lililochongoka lenye kifuniko, kama la Melanoides tuberculata, si la mbeba kichocho. Kwa ngazi ya kituo cha afya, hatua hiyo inatosha. Kazi ya kutenganisha spishi iachiwe watafiti, kama wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakipelekewa vielelezo vilivyohifadhiwa katika spiriti na kuandikwa tarehe, mahali na aina ya maji.

Kinachofaa kufanyika ni kidogo na kinawezekana. Kila halmashauri iwe na ramani ya visima, vijito na malambo yanayotumiwa na watu, ikionyesha jenasi ya konokono waliopatikana. Mtaalamu wa maabara na afisa afya wafundishwe pamoja, kwa kuwa mmoja huona yai na mwingine huona maji. Wakusanyaji wavae glavu na mabuti ya mpira, kwani konokono aliyeambukizwa huachia lava wengi kila siku, hasa jua linapopanda, nao hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Ramani hiyo irudiwe baada ya masika na baada ya kiangazi, maana maji hubadilika.

Mgonjwa naye ana haki ya kujua. Anayekojoa damu, anayeharisha damu, au ambaye tumbo la mwanawe limevimba, afike kituoni bila aibu, na aeleze maji anayoyaoga, anayoyafulia na anayoyavulia. Akimaliza dawa, aambiwe waziwazi kwamba amepona minyoo waliokuwamo, hakupewa ngao ya maji. Choo kinachotumika humnyima konokono mayai ya kumwambukiza. Kisima salama humnyima konokono ngozi ya mtu.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kukifanya kichocho kisiwe tena tatizo la afya ya jamii ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitafikiwa kwa kuhesabu vidonge vilivyomezwa tu. Wilaya inayojua konokono wake kwa jina itajua pia ni kijito gani kijengewe daraja, ni lambo gani liwekewe uzio, na ni mtoto gani atakayerudi tena mwakani akiwa na ugonjwa uleule.